Vaa Ndala

Binti wa dada yangu alikuwa akipinda kanga barazani kwetu, Magomeni, Mtwara mjini, miguu mitupu juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Mkono wa kushoto umelala kwenye chuma cha cherehani, wa kulia unaelekeza kitambaa. Ghafla akauvuta ule wa kushoto, akauangalia, kisha akaurudisha taratibu kwa ncha ya kidole kimoja.

“Mama mdogo, mbona hii inatekenya?”

Kabla sijafungua mdomo, mama yangu alimjibu kutoka ndani: “Vaa ndala.”

Akavaa, akaendelea kushona. Alipofika mwisho wa pindo akasema, bila kulalamika, kwa mshangao tu: “Za chuoni kwetu hazitekenyi.”

Anasomea ushonaji kwenye chuo cha ufundi. Jumatatu akarudi chuoni, kanga zikaenda kwa mwenyewe, na maneno yale yakabaki na mimi wiki kadhaa. Nilipika nayo, nikalala nayo. Nyumba nzima tulikuwa tunajua kwamba cherehani ya umeme hutekenya. Wageni walioazima tuliwaonya mapema, na jirani naye alituambia ya kwake iko vivyo hivyo. Wengine walisema ni umeme wa Mtwara, tangu zama za majenereta ya dizeli, kabla gesi ya Mnazi Bay haijaanza kutuzalishia umeme. Hakuna aliyesema ni ubovu.

Hazitekenyi. Kumbe ipo dunia ambayo mtu anashona na miguu yake mitupu na hakuna kinachomgusa.

Doa jekundu

Cherehani yenyewe ni ya marehemu shangazi. Ni Singer 99K, nyeusi, ndogo kuliko zile za kukanyaga kwa miguu zilizojaa kwenye baraza za mafundi wetu. Ina mota ubavuni na taa nyuma ya kichwa. Ile K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Scotland, ambacho kilifungwa mwaka 1980. Shangazi aliinunua kwa familia iliyokuwa ikihama kutoka Shangani, ule upande wa nyumba za watu wa bandari, akaishonea mpaka macho yalipomkatalia. Sare za shule kila Januari. Magauni ya msimu wa korosho, pesa zinapoingia. Vitambaa vya unyago, ukoo mzima rangi moja.

Na alikuwa na utaratibu wake. Ndala ya kwanza. Ya pili, kibao cha mbao chini ya meza, ambacho miguu yake yote miwili ilikaa isipokuwa inapokanyaga pedali. Ya tatu, kitambaa kikavu alichokitandika pale mkono wa kushoto unapolala. Ya nne ndiyo iliyoninyima usingizi.

Plagi ya ile cherehani ilikuwa ya pini mbili za duara. Pembeni mwa pini moja shangazi alipaka rangi ya kucha, doa jekundu dogo. Watoto wote wa nyumba ile tuliijua sheria: doa likae kushoto. Ukiligeuza likakaa kulia, cherehani inauma zaidi.

Tulilichukulia doa lile kuwa jambo la kawaida, sawa na kujua mlango upi unakwama mvua zikinyesha. Lakini doa halikujipaka. Kuna siku shangazi alichomeka upande huu akasikia vile, akachomeka upande ule akasikia hivi. Akalinganisha. Akarudia ili awe na hakika. Akatafuta chupa ya rangi, akaweka alama ili asilazimike kujaribu tena. Huo ni uchunguzi, na kipimo alichokuwa nacho ni ngozi yake mwenyewe.

Nilipofika hapo nilijiuliza swali ambalo lilinichukua muda kulisema kwa sauti. Mwanamke mwenye akili ya kugundua hilo, aliyeshonea nusu ya mtaa, mbona hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba hali ile ina mwisho?

Tepu nyeusi

Nilimwita kwanza fundi kijana wa jirani. Alikuja na bisibisi ya testa na tepu nyeusi. Akaushika waya pale unapoingia kwenye cherehani, akaukunja kidogo auangalie, na mpira wake ukapasuka hapohapo, vipande vikamwagika sakafuni. Shaba ikachungulia.

“Waya umechoka tu, mama. Nauvisha tepu.”

Nikamuuliza ndani ya tepu kutabaki nini. Akaniambia za zamani zote ziko hivyo. Hakuwa mtu mbaya, wala hakutaka kunila pesa. Alikuwa amenipa jibu lilelile la mtaa, tofauti yake likiwa limetoka kwa mtu mwenye bisibisi. Nikampa nauli yake, nikamwomba aniachie waya kama ulivyo.

Siku zile ndipo nilipoanza kuangalia waya za zamani kwa jicho jingine. Mpira wa asili, uliotumika kuvika waya wakati cherehani hizi zinatengenezwa, una umri wake. Hewa inaugusa, joto la mota linauoka, mafuta ya cherehani yanauingia, na mwisho unakauka na kuwa kitu cha kumeguka. Chuma hakina habari. Mashine ya shangazi ukiizungusha kwa mkono inateleza kimya, meno yanasukuma kitambaa, sindano inashuka palepale inapotakiwa. Chuma kile kitatuzika sote. Waya wake ulikuwa umeshakufa siku nyingi, na kwa sababu cherehani ilikuwa bado inashona, hatukuiona maiti.

Huku pwani kuna na chumvi. Upepo wa bahari hauchagui: unakula mabati, unakula bawaba, na unakula shaba iliyo wazi. Mwisho wa waya ule, chini ya skrubu, ulikuwa na kutu ya kijani.

Swali la mzee

Mama ndiye aliyekumbuka kwamba Chikongola kuna mzee aliyestaafu kazi ya umeme. Nilimfuata nyumbani kwake, nikampa shikamoo, nikamweleza. Kesho yake akaja kwa miguu, mfuko wa vifaa begani.

Hakuigusa cherehani. Alikaa, akauliza: “Mwanangu, inatekenya ukikanyaga pedali, au hata ikiwa imetulia?”

Mimi sikuwa na jibu. Mama alikuwa nalo. “Doa likiwa kulia, hata ikitulia. Likiwa kushoto, mpaka ukanyage.”

Mzee alimgeukia. “Doa gani?”

Tukamwonyesha. Aliishika ile plagi muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha akauliza nani alipaka, na mama alipomwambia, alisema: “Huyu alikuwa fundi.”

Maelezo yake nimeyarudia mwenyewe mara nyingi kichwani, nayaandika hapa kwa namna nilivyoyaelewa. Ndani ya mota kuna waya mwembamba uliozungushwa, na kuna vipande viwili vya kaboni vinavyosugua sehemu inayozunguka. Kaboni inalika kidogo kidogo na kutoa vumbi jeusi. Vumbi lile likikutana na mafuta linakuwa tope, na tope la kaboni linapitisha umeme. Ongeza hapo waya zilizopasuka mpira. Basi umeme kidogo unavuja kutoka ndani ya mota mpaka kwenye chuma cha cherehani, na ukishafika hapo unatafuta njia ya kwenda ardhini. Plagi ya pini mbili haina njia hiyo. Kwa hiyo umeme unasubiri. Mtu anapokuja na mkono wake juu ya chuma na unyayo wake juu ya simenti mbichi, njia imepatikana.

Ndala ziliifunga njia. Kibao kiliifunga. Kitambaa kikavu kiliifunga.

Na doa? Pedali hukata waya mmoja tu kati ya ile miwili. Ikikata laivu, ule unaoleta umeme, cherehani iliyotulia haina umeme ndani ya mota. Ikikata nyutro, ule wa kurudisha, mota haizunguki lakini yote imebeba volti 230 inakusubiri. Plagi ya pini mbili haijui laivu iko wapi. Ukiigeuza, umegeuza na hilo. Doa la shangazi lilihakikisha laivu inapita kwenye pedali. Alikuwa sahihi kabisa, na hakuwahi kujua kwa nini.

Nilimuuliza mzee lile lililokuwa linanikereketa: je, kutekenya huko kungeweza kuua?

Akanipa hesabu. Mwili huanza kuusikia umeme unapofika kama nusu ya miliampea au miliampea 1 hivi. Ukipita miliampea 10, misuli ya mkono inaweza kukaza kiasi cha mtu kushindwa kuachia alichokishika. Zile swichi za usalama zinazokata umeme unapovuja, kwa kawaida hutengenezwa zikate kwenye miliampea 30, kwa sababu juu ya hapo moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Na fyuzi ya plagi nyingi za humu majumbani ni ampea 13. Yaani miliampea 13,000.

“Fyuzi kazi yake ni kuzuia waya usiungue,” alisema. “Wewe haikujui.”

Nikatulia pale. Kati ya kutekenywa na kushikwa hakuna safari ndefu. Sakafu ikiwa mbichi zaidi, kiganja kikiwa na jasho la Januari, au uzi mmoja wa shaba ukichomoza kwenye ule mpira uliopasuka na kugusa chuma, mambo yanabadilika kwa kitambo cha kupepesa jicho. Miaka yote ile shangazi alikuwa akishona mwanzoni mwa hiyo njia, na sisi watoto tukikimbia na kuigusa cherehani tunapopita.

Nyuzi za rangi

Mzee alisema kazi ya nje ya mota nitaifanya mwenyewe mbele yake, ili siku nyingine nijue. Ya ndani ya mota ataifanya yeye.

Kabla ya yote alitaka kuona kibati cha mota. Kiliandikwa volti 230–250, kwa hiyo umeme wetu unaifaa. Wenye cherehani za mitumba wasome hapa vizuri: zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa 110, na ukizichomeka kwenye soketi ya Tanzania bila transfoma ya kupunguza volti unaunguza mota.

Ubavuni mwa cherehani kuna kichwa cha plastiki ngumu ya kahawia chenye matundu matatu. Waya mbili zinakutana ndani yake: unaotoka ukutani na unaokwenda kwenye pedali. Nilikifungua, na kabla sijalegeza skrubu yoyote nilipiga picha kwa simu. Halafu nikafanya jambo ambalo mzee alilipenda. Nilichukua kopo la nyuzi, nikafunga kila waya uzi wa rangi yake, na skrubu yake nikaifunga uzi wa rangi hiyohiyo. Waya wa zamani ulikuwa na mwekundu na mweusi, lakini kwa uchafu na umri rangi zilikuwa hazisomeki tena. Nyuzi zangu zilisomeka.

Waya za taa nazo zilikuwa zimekauka, tukazibadilisha. Ndani ya pedali mlikuwa na kapasita ya karatasi, kidude kilichowekwa kuzuia cherehani isikwaruze sauti za redio. Mzee aliikata na kuitoa bila kujadiliana. Zikizeeka, alisema, zinaweza kupitisha umeme zenyewe, na ndizo zinazosababisha baadhi ya cherehani kuanza kushona peke yake bila mtu kukanyaga. Nimewahi kusikia watu wakilihusisha jambo hilo na mashetani. Ni karatasi na nta vilivyochoka.

Mota ilikuwa sehemu ya hofu. Mzee aliifungua, akaonyesha tope jeusi, akalisafisha kwa brashi na kitambaa. Zile waya mbili zinazoingia ndani zilikuwa zimebaki shaba tupu kwenye kona. Akazikata karibu na koili, akalehemu mpya, akazivisha. Halafu akatoa kifaa cha kuzungusha kwa mkono, mafundi wanakiita mega, ambacho husukuma volti 500 kuona kama umeme unavuja kwenda kwenye chuma. Kabla ya kusafisha alikuwa ameshapima, na sindano ya kipimo ilibaki upande mbaya. Sasa alisema asipopata angalau megaomu 1, kipimo cha jinsi umeme unavyozuiwa kuvuja, hataniruhusu kuitumia. Mota iende kuzungushwa upya au tuiache.

Hapo nilishika meza. Nilikuwa nimeshajiandaa kuisamehe cherehani mambo mengi, ila si hilo.

Akazungusha. Sindano ikapanda, ikapita alama, ikakaa juu.

Sumaku sokoni

Tulikwenda kununua waya na plagi pamoja, na mzee alibeba sumaku. Pini za plagi nzuri ni za shaba iliyochanganywa na zinki, na hazishikwi na sumaku. Plagi mbili za mwanzo tulizoonyeshwa zilirukia sumaku palepale: chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Kwa hewa yetu ya chumvi, chuma hicho kingekuwa na kutu mapema, na plagi yenye kutu hupata moto.

Waya nao aliukwangua kwa kisu. Kuna waya sokoni unaong’aa shaba kwa nje, ukiukwangua unakuta weupe wa alumini. Unapitisha umeme vibaya zaidi na unakatika upesi ukikunjwakunjwa, na waya wa cherehani kazi yake ni kukunjwa. Tulichukua wa shaba tupu, wa nyaya tatu, milimita za mraba 0.75. Mwenye duka alitaka kutupa mnene, akidhani tunabana matumizi. Hesabu yake ni ndogo: mota na taa kwa pamoja havifiki hata nusu ampea kwa volti 230, na waya ule unabeba ampea 6. Mnene zaidi ungekuwa mgumu na ungevuta skrubu.

Kwa hesabu hiyohiyo, fyuzi ya ampea 13 iliyokuja na plagi tuliitoa, tukaweka ya 3.

Nyumbani nilifunga plagi mwenyewe. Kahawia kwenye laivu, upande wa fyuzi. Bluu kwenye nyutro. Kijani na manjano kwenye ile pini kubwa ya ethi, njia ya umeme kwenda ardhini. Huo wa ethi mzee alinitaka niuache mrefu kuliko wenzake, ili siku waya ukivutwa kwa nguvu, wao wakatike kwanza, yeye awe wa mwisho. Nilisokota ncha za shaba, nikazikunja mara mbili, nikakaza. Nilitaka kuzipaka risasi ya kulehemu ziwe ngumu, akanizuia: risasi ni laini, ikibanwa na skrubu inasinyaa polepole, na skrubu iliyokazwa leo inalegea yenyewe baada ya muda. Kile kibanio cha mlangoni mwa plagi kishike ganda la nje la waya, wala si nyaya za ndani. Ukikuta plagi ambayo nyaya tatu za rangi zinaonekana nje yake, ujue kibanio hakifanyi kazi na skrubu ndizo zinazobeba uzito wote.

Plagi ya zamani ilibaki mezani, na doa lake.

Niliitazama nikiwa na koleo mkononi. Sikutaka kuitupa, na sikutaka kuiacha mahali ambapo siku moja mtu atauona waya wake na kusema bado unafaa. Mzee alielewa bila mimi kusema. Akaukata waya palepale unapotoka kwenye plagi, mfupi kiasi kwamba hakuna wa kuuunga tena, akanirudishia plagi peke yake. Mama ameiweka kwenye kopo la vifungo.

Waya wa tatu

Cherehani hizi za 99K zilipotoka kiwandani na waya wa nyaya mbili, hazikuwa na mahali pa ethi, na matundu matatu ya kile kichwa yote yana kazi zake. Mzee aliutoa waya wa ethi pembeni, akautia kichwa cha pete, akaukaza chini ya bolti inayoshika mota kwenye mwili wa cherehani. Kabla ya hapo alikwangua rangi nyeusi mpaka chuma kikang’aa, maana rangi haipitishi umeme. Kwa jicho la mpenda vitu vya kale huo ni mkwaruzo. Kwangu mimi ndio mahali pazuri kuliko pote kwenye cherehani ile.

Nikadhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshainyosha plagi kuelekea ukutani.

“Subiri. Soketi yako ina ethi?”

Ina matundu matatu, nikamwambia.

Akachukua taa yenye waya mbili, akagusisha kati ya laivu na nyutro: ikawaka. Akaihamisha kati ya laivu na tundu la ethi.

Haikuwaka.

Tulizunguka nyuma ya nyumba. Nondo ya ethi ilikuwepo, imezama ardhini karibu na ukuta, na kipande cha waya kilichoning’inia juu yake kilikuwa kimekatwa safi. Shaba inauzika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sijui ni mwaka gani tuliibiwa, kwa sababu nyumba isiyo na ethi haioneshi dalili yoyote. Taa zinawaka, friji inagandisha, simu zinachaji.

Nimelifikiria hili kuliko yote. Plagi za pini tatu tunazotumia zimeundwa hivi: pini ya ethi ni ndefu kuliko zote, inaingia kwanza, na yenyewe ndiyo inayofungua vizibo vya matundu mawili ya chini. Aliyebuni alitaka usipate umeme kabla hujapata usalama. Na sisi sote tunajua namna ya kumshinda: unachukua kalamu au kijiti, unachokoa tundu la juu, vizibo vinafunguka, unasukuma pini mbili. Nimefanyiwa hivyo hotelini, saluni, ofisini. Cherehani ya shangazi iliishi miaka yote kwa kijiti. Ukichanganya kijiti, nondo iliyokatwa waya na waya uliopasuka mpira, kilichobaki kati ya mtu na umeme ni soli ya ndala.

Kazi ya nyumba ilifanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambaye mzee anamwamini. Nondo mpya, waya mpya uliopitishwa ndani ya bomba ili asiufikie mtu, na kwenye meni swichi ikawekwa ile swichi inayokata umeme ukivuja. Walichagua mahali ambapo udongo una unyevu, karibu na bafu, kwa sababu mchanga wetu ukikauka wakati wa kiangazi unapokea umeme kwa shida. Gharama ya nondo na fundi ilizidi gharama ya waya na plagi kwa mbali, nakiri hilo wazi kwa mtu anayepanga kufuata nyayo hizi. Ila ukibadili waya wa cherehani ukaacha ukuta ulivyo, umeshona upande mmoja wa gauni.

Walipomaliza, mzee akarudia jaribio la taa. Safari hii swichi mpya ilikata palepale, kama ilivyotakiwa, kwa sababu umeme ulipata njia ya ardhini. Ndipo akaniambia nichomeke cherehani.

Mama alivua ndala. Hakuna aliyemwambia. Alikaa, akaweka mkono wa kushoto juu ya chuma bila kitambaa, akakanyaga pedali, akapinda kipande chote cha mtandio. Akasema inakwenda kasi kuliko zamani. Mzee alisema ni kwa sababu kaboni na waya ni safi sasa, na akamwonya asiegemeze mguu kwenye pedali akiwa hashoni, maana pedali za aina ile hupunguza mwendo kwa kugeuza umeme kuwa joto.

Fremu za barabarani

Sasa siwezi kupita mbele ya fundi cherehani bila kuangalia miguu yake na plagi yake.

Kwenye safu ya fremu ninayopita nikienda sokoni kuna mafundi wenye mashine za umeme, wengi wao kina mama. Nilianza kuuliza, na majibu yalikuwa yaleyale: hutekenya kidogo, mvua ikinyesha zaidi. Mmoja anakalia kiti na miguu iko juu ya kreti ya soda. Mwingine aliniambia anajua kwamba asubuhi, sakafu ikiwa bado mbichi, asianze na nguo ya haraka. Kila mmoja ana doa lake jekundu.

Tatizo lao lina sura nyingine, kwa sababu fremu si zao. Waya na plagi mpangaji anaweza kununua leo. Nondo ni ya mwenye jengo, na mwenye jengo anauliza kwa nini aingie gharama wakati umeme unawaka. Nimemfuata mmoja wao na kumweleza kuhusu ile taa ya mzee isiyowaka. Alinisikiliza vizuri. Alisema tuonane korosho zikishauzwa.

Kwa hiyo tumekubaliana na mafundi wa safu ile kwamba waya zisisubiri msimu. Wanaoweza wananunua waya wa shaba na plagi zenye pini zisizoshikwa na sumaku. Sumaku ya mzee iko kwangu, inaazimwa. Mzee naye amekubali kupita na mega yake kuzipima mota moja baada ya nyingine. Wamempangia zamu kwa majina, yeye ameipanga upya: ataanza na zile zinazouma hata zikiwa zimetulia.